Tupeane uzoefu: gari lililotumika la kuvutia boti ndogo, tuchague lipi na tukague nini?

Mwanzisha mada, Tanga

Ndugu wanachama, nawasalimu. Nina boti ya faiba ya urefu wa mita tano yenye mashine ya nguvu za farasi 40, nami nataka iwe inalala nyumbani juu ya trela, niishushe ninapohitaji, iwe hapa mjini au Pangani. Fedha niliyonayo inatosha gari lililotumika tu, na kila ninayemuuliza hunitajia gari analolipenda yeye, si kazi ninayotaka lifanye. Ninawaomba mliowahi kuvuta boti mtusimulie mlichokutana nacho, hasa wakati wa kushusha na kupandisha, kwa kuwa mwendo wa barabarani haunitishi.

Mchangiaji, Mwanza

Ndugu yangu wa Tanga, kabla ya jina la gari lolote, jumlisha uzito. Wengi husema boti yao ni kilo 400 wakasahau kwamba gari halivuti boti peke yake. Chukua hizo kilo 400, ongeza mashine ya farasi 40 yenye kilo 75 hivi, lita 50 za petroli zinazokaribia kilo 37, betri, nanga, kamba na maboya ambavyo kwa pamoja havikosi kilo 60, kisha trela lenyewe la kilo 250, na tayari umeshavuka kilo 800. Barani Ulaya trela lisilo na breki zake lenyewe haliruhusiwi kuzidi kilo 750, na hata kama huku hakuna atakayekupimia, mguu wako utaijua tofauti hiyo siku utakapolazimika kusimama ghafla.

Mimi huvuta kwa Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, ile ya dizeli ya lita 4.2 isiyo na tabo. Haina haraka, lakini ukiiweka kwenye 4L, yaani gia nzito ya magurudumu manne, hutambaa kutoka ziwani bila kuhangaika. Ziwa Victoria halipwi wala halijai kama bahari, ila kingo zake zina tope, na upepo ukigeuka magugumaji huziba sehemu uliyoshushia asubuhi. Gari langu la awali nalo lilivuta kwa magurudumu manne, lakini lilikuwa lile la mjini lisilo na gia nzito. Barabarani halikuwa na neno, ila kwenye tope lilidai mafuta mengi ndipo lisogee, magurudumu yakazunguka palepale na klachi ikaanza kunuka. Tangu hapo mtu akiniuliza, swali langu la kwanza ni kama gari lina 4L, na nguvu za injini tunazizungumza baadaye.

Mchangiaji, Dar es Salaam (fundi)

Ninakubaliana na kaka wa Mwanza kuhusu 4L, lakini kwa mtu wa baharini kutu huja mbele ya hayo yote. Boti si zangu, ni za wateja, na magari yao ndiyo ninayoyaona chini. Gari likifika kutoka Japani, omba karatasi ya mnada na usome mchoro wake, si daraja peke yake, kwa kuwa herufi S huonyesha kutu na C kutu iliyokwishakula bati. Magari yaliyotumika Hokkaido na mikoa mingine ya theluji hupita juu ya chumvi inayomwagwa barabarani, hivyo huweza kufika hapa yakiwa yameanza kuoza kabla hujayaingiza kwenye maji yetu ya chumvi. Fremu huoza kutoka ndani, na mahali pa kuangalia zaidi ni nyuma, karibu na vishikizo vya springi na pale ndoano ya trela inapofungwa, maana hapo ndipo mzigo wote unaposhika.

Gia nzito nayo ijaribiwe gari likiwa linatembea, usiridhike na taa inayowaka kwenye dashibodi. Tafuta uwanja wa udongo, ingiza 4L, endesha taratibu mbele na nyuma huku ukikata kona, na usikilize kama transfa, yaani sanduku la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma, inaruka au difu inagonga. Usifanye jaribio hilo kwenye lami kavu kwa gari kama Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ambalo likiingizwa 4WD halina difu ya katikati ya kulegeza mvutano kati ya mbele na nyuma. Prado za mfululizo wa 90 zilizouzwa Japani huvuta kwa magurudumu yote wakati wote na zina kufuli la difu ya katikati, kwa hiyo kwenye lami yenye mvua zinatulia zaidi.

Kuhusu injini za dizeli za Toyota, 1KZ-TE ya lita 3.0 ni nzuri kwa kuvuta, lakini inajulikana kwa kupasuka silinda hedi ikichemka. Ikiwa bado ya baridi, fungua kifuniko cha rejeta, iwashe, na uangalie kama mapovu yanapanda mfululizo. Kwenye 1KD-FTV sikiliza kama nozeli zinagonga asubuhi, injini ikiwa ya baridi. Kwa 1HZ uliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, kwani muda wake ni kilomita 100,000. Kama gia ni za otomatiki, chomoa kijiti cha oili, na ikiwa imekuwa ya kahawia na inanuka kuungua, ondoka.

Mchangiaji, Mombasa

Mimi nitawapinga kidogo wakubwa zangu. Sioni kwa nini mtu mwenye boti ya mita tano anunue Land Cruiser. Nina Suzuki Escudo yenye gia nzito, nayo haijawahi kugusa maji ya bahari. Siku za bamvua maji yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na diko lililojaa asubuhi huwa uwanja mtupu adhuhuri, kwa hiyo ninaanza kwa kutazama maji, kisha ndipo ninapofikiria gari. Ninashusha maji yakijaa, ninafungua trela kutoka kwenye gari, na linateremka kwa gurudumu lake la mbele huku likishikwa na kamba ndefu nene. Wakati wa kupandisha gari linavuta likiwa juu, kwenye mchanga mgumu, matairi yakiwa yamepunguzwa upepo hadi psi 18 au 20. Maji ya chumvi yanalipata trela tu.

Na trela lenyewe msilisahau. Ukitoka safari ndefu beringi huwa za moto, na ukizitumbukiza majini papo hapo hupoa ghafla na kufyonza maji. Lipumzishe kwanza, kisha ukirudi lioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, pamoja na springi zake.

Mchangiaji, Naivasha

Kwa sisi wa nyanda za juu kuna jambo ambalo wenzetu wa pwani hawalihisi. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko, na ziwa letu liko karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo huku tabo si anasa. Tukishuka mteremko wa Mai Mahiu na trela, tunaingiza gia ndogo mapema, tukiacha injini ishikilie badala ya kuchoma breki njia nzima. Boti ipangwe ili asilimia 10 hivi ya uzito wa trela ikae kwenye ndoano. Kwa trela la kilo 800 hizo ni kilo 80, ambazo mizani ya kupimia watu inaweza kuzisoma. Ikipungua sana, trela huyumba.

Kwa Wakenya wenzangu, gari lililozidi miaka minane haliruhusiwi kuagizwa kutoka nje, kwa hiyo Prado ya mfululizo wa 90 mtaitafuta kwa wenye nazo humu nchini, na trela lina namba zake lenyewe zinazoanza na Z.

Mwanzisha mada, Tanga

Ninawashukuru sana. Kuna Prado ya 1KZ-TE nimeonyeshwa, bei yake ni nafuu, na muuzaji anasema chini imepakwa rangi nyeusi mpya ili kuikinga na kutu. Je, hiyo ni heri?

Mchangiaji, Dar es Salaam (fundi)

Mdogo wangu, rangi hiyo ilitakiwa ipakwe baada yako kuiona fremu. Mwombe gari linyanyuliwe, ugonge fremu kwa nyundo ndogo kuanzia gurudumu la nyuma hadi kwenye ndoano. Chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti ya bubu na rangi hubanduka kwa vipande. Akikataa lisigongwe, usimlipe hata kishika uchumba.