Mafundi wa Kisumu na Nakuru, nani aliwaambia klachi ya feni inatengenezwa kwa bolti?

Wadau, leo nimekuja na hasira na sitaificha. Kuna tabia imeshika gereji zetu kuanzia Kisumu mpaka Nakuru. Unaingia na gari ya zamani inachemsha, fundi anafungua boneti, anazungusha feni na kidole anaona imelegea, na badala ya kukuambia klachi ya feni (kile kifaa kinachoshikanisha feni na pampu ya maji injini ikipata moto, na kuiacha iteleze ikipoa) imekufa tafuta ingine, anaitisha drili. Anatoboa klachi, anapitisha bolti, anakaza. Wengine wanapiga weldi kabisa. Halafu anapangusa mikono anakwambia hii sasa haitakusumbua tena, leta pesa. Huko ni kuharibu gari ya mtu na kumtoza juu ya hasara.

Mimi niko na Hilux dabo kabini ya miaka ya tisini, injini ya 3L (hilo ni jina la injini, si lita tatu), ile dizeli ya lita 2.8. Nabeba mchele kutoka Ahero kupeleka Kericho na Nakuru. Hiyo barabara mnaijua, Ahero uko kama mita 1,150 juu ya bahari na ukifika Kericho umeshapita 1,900, na mara nyingi uko nyuma ya trela inatambaa, gia ya pili, jua la saa nane. Hapo hakuna upepo wa mbio unaoingia kwa redieta, ni feni peke yake inavuta. Ndio maana klachi ikichoka gari haina shida kabisa kwa tambarare ya Awasi, lakini mlima ukianza tu mkono wa temprecha unapanda nao. Basi nikaiacha kwa fundi mmoja aniangalilie klachi aniambie iko aje, kurudi nikapata ameshapitisha bolti. Hata simu hakupiga! Haikuchukua muda beringi ya pampu ya maji ikaanza kulia, halafu bledi moja ya feni ikakatika injini ikiwa juu ikaingia moja kwa moja kwa redieta. Feni, pampu, redieta, na mchele umelala kando ya barabara. Nilipomrudia akasema feni ilikuwa mzee.

Feni haikuwa mzee, ilizungushwa kuliko ilivyotengenezewa. Ndani ya hiyo klachi kuna mafuta mazito ya silikoni, na mbele kuna springi imejiviringa ya metali mbili. Upepo unaotoka kwa redieta ukiwa moto, springi inajizungusha inafungua vali, mafuta yanaingia panapohitajika na feni inashika, na hata ikishika inaenda kama asilimia 70 mpaka 90 ya spidi ya pampu. Ikipoa inateleza, inabaki kama 20 mpaka 30. Sasa wewe ukipiga bolti umeifanya iende 100 saa zote, asubuhi baridi, usiku, ukiwa unateremka Sachangwan na injini inanguruma. Na feni ikizidishiwa spidi mara mbili inakula nguvu mara 8, si mara 2. Hiyo nguvu ni dizeli yangu. Hata zamani watengenezaji walijua feni haifai kushika wakati wote, waulizeni wenye Peugeot 504, feni yake ilikuwa inashikwa na sumaku ya umeme maji yakipata moto na inaachiliwa yakipoa.

Wauza spea nao! Unaenda dukani unasema gari yako, hakuulizi injini ni 2L, 3L ama 5L, hakuulizi feni ina bledi ngapi wala upana, anahesabu tu matundu manne ya nati anasema hii itaingia. Kuingia itaingia, kupoesha je? Niliuzwa moja 4,500 kwa boksi safi ya maandishi ya Kijapani, kugeuza mbele haina springi hata kidogo, pleni kama sahani. Ziko klachi za aina hiyo, zisizosikia joto, zinateleza tu kati ya asilimia 30 na 60 siku yote, lakini hiyo si ya gari inayobeba mzigo mlima wa Kericho. Kurudisha akakataa, eti spea ikishatoka dukani imetoka.

Na feni zenyewe. Kuna injini pampu inazunguka kulia, kuna zingine mkanda umeipitia kwa mgongo pampu inazunguka kushoto, kwa hivyo feni ya hii ukiiweka kwa ile inasukuma hewa kurudi mbele ipigane na upepo wa barabara. Nimeona pia feni sahihi imefungwa nyuma mbele, hiyo inavuta upande uleule lakini nguvu imepotea, na mwenye gari anazunguka akibadilisha kulanti na kifuniko cha redieta. Halafu ile kava ya plastiki inayozunguka feni mnaitupa kwa nini? Bila hiyo feni inavuta hewa ya hapohapo kwa injini badala ya kuipitisha kwa redieta. Bledi zinafaa kukaa nusu ndani ya kava nusu nje, na nafasi kama inchi moja kutoka kwa redieta.

Kabla mtu hajawatobolea, zima injini ikiwa moto kabisa na uzungushe feni na mkono. Inafaa ikatae, isimame haraka. Ikiendelea kuzunguka raundi kadhaa imekufa. Ishike pia uitikise mbele na nyuma, ikicheza beringi imeisha, na uangalie mafuta meusi yamejichora kwa uso wa klachi. Ile ngurumo ya asubuhi ukiwasha, inayotulia baada ya muda mfupi, ni kawaida, usikubali mtu akudanganye. Na tafadhali, yule wa kupima klachi kwa kuingiza gazeti kwa feni inayozunguka aone kama itasimama, vidole havina spea.

Kama klachi ni orijino na beringi haichezi, inaweza kufunguliwa ikaongezwa mafuta. Toyota wana silikoni ya kichupa cha mililita 18, namba 08816-03001 ni ya uzito wa 3,000 (yaani vile mafuta yalivyo mazito, si kilo) na 08816-10001 ni ya 10,000, mazito zaidi. Si oili ya injini, si grisi! Klachi ya mtumba nzuri mara nyingi nimeona inashinda hizi kopi mpya, bora iwe imekaa wima kwa duka, haikulazwa chali mafuta yakatoka.

Najua kuna atakayekuja hapa kusema weka feni ya umeme. Feni gani, ile ndogo ya Vitz imefungwa na waya kwa redieta ya dizeli ya 2.8? Na yule wa kushauri utoe themostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwa redieta mpaka injini ipate moto, pia abaki huko.

Ninachotaka, kama kuna duka Kisumu, Kericho ama Nakuru linauza klachi ya 3L yenye springi, wanakuruhusu kulinganisha na ya zamani hapo kaunta na wanaandika risiti yenye namba ya spea, litajeni hapa. Na fundi yeyote anayesoma hii, ukikuta klachi imekufa piga simu mwenye gari kwanza, drili uiache kwa boksi.