Naombeni ushauri: wanamuziki wa leo wafundishwe, au tungoje kwanza?

Mwanzisha uzi
Habari zenu wakuu. Nafundisha muziki kwa vijana wa miaka 14 hadi 17. Muhula ujao nataka kuingiza Beyoncé, Burna Boy na Bad Bunny, bega kwa bega na Bob Marley na Miriam Makeba. Mwenzangu, mkongwe kazini, anapinga. Anasema hawa ni wa msimu, miaka thelathini ijayo hakuna atakayewakumbuka, tunawapotezea watoto muda. Namheshimu sana, na moyoni naogopa huenda anasema kweli. Nitajuaje nani atadumu?

Mpiga Kinanda
Hutajua, mwalimu. Hata waliotutangulia hawakujua. Mwaka 1722 mji wa Leipzig, Ujerumani, ulipotafuta kiongozi wa muziki, ulimtaka mtunzi Telemann. Alipokataa ndipo kazi ikaja kumwangukia Bach, ambaye leo anahesabiwa miongoni mwa watunzi wakubwa kabisa. Bach akafariki 1750, akikumbukwa zaidi kama mpigaji hodari wa kinanda kuliko mtunzi. Umma ulizinduka 1829, mtunzi Mendelssohn alipoimbisha upya Mateso ya Mathayo, kazi kubwa ya Bach, kule Berlin. Karibu miaka themanini! Mwenzako anakata kesi mapema mno.

Santuri
Sawa, ila Bach alifufuka kwa sababu makaratasi yake yalikuwepo. Kuna watu waliyatunza. Nyimbo za leo zinalala kwenye seva za kampuni. Mwaka 2019 MySpace, mtandao wa kijamii, ilikiri kwamba muziki uliopakiwa kwake kwa zaidi ya miaka kumi umepotea. Mimi hilo ndilo linaloninyima usingizi. Wafundishe vijana kutunza pia.

Mzee wa Besi
Niko na mkongwe, kidogo. Wimbo kusikilizwa mara bilioni hakuufanyi urithi, maana siku hizi simu inakuletea wimbo kabla hujauomba. Mimi natazama kama unaimbwa na asiyemjua mwenyewe: kwenye sherehe, msibani, mama anapobembeleza mtoto. Marley alifariki 1981, na watoto waliozaliwa juzi wanamwimba bila kufundishwa na mtu. Waulize wanafunzi wako ni wimbo gani darasa zima linaujua mwanzo hadi mwisho, simu zikiwa zimezimwa. Hapo utaanza kuona.

Santuri
Mzee, umenena. Lakini kuna urithi mwingine, wa kufungua mlango. Kwenye albamu yake Cowboy Carter ya 2024 Beyoncé alimpa sauti Linda Martell, mwanamke mweusi aliyetoa albamu ya kantri (muziki wenye asili ya mashambani Marekani) mwaka 1970, kisha tasnia ikamwacha. Wengi walimsikia hapo kwa mara ya kwanza. Nami nilikuwa mmoja wao, nikaitafuta ile albamu usiku uleule.

Mwanzisha uzi
Asanteni sana. Basi nitaanza na Martell, ndipo nije kwa Beyoncé, na swali la Mzee wa Besi nitaliuliza siku ya kwanza. Mwenzangu nitamwomba aje darasani na wimbo mmoja wa ujana wake ambao wazazi wake walimwambia ni wa msimu.