Mrejesho: Mazoezi ya kufundisha Newala

Wakuu, ni mimi niliyeuliza mwezi wa tisa: napangiwa mazoezi ya kufundisha kijijini Newala, watoto hata daftari hawana, nijiandaeje?

Nimemaliza. Dada aliyesema "kabla ya fimbo, uliza msimu" Mungu ambariki. Oktoba dawati la mbele lilibaki na mtoto mmoja, wenzake wapo mikoroshoni wanaokota. Waliporudi nikaanzia hapo hapo: kilo ngapi, makato kiasi gani, mama anabaki na nini? Stakabadhi ya AMCOS (chama cha ushirika kinachokusanya korosho za wakulima) ikawa kitabu chetu, vizibo vya soda vikawa zana. (Chuoni tulifundishwa projekta. Umeme uko wapi?)

Kilichonishinda ni darasa la kwanza, wanajibu Kimakonde tu. Bado najifunza, bibi jirani ananicheka kila jioni.