Naomba ushauri: kaka aliumia masikio jeshini Uingereza, adai kwa sheria ipi?

Wakuu, heshima kwenu. Kaka yangu alitumikia jeshi la Uingereza 2001 hadi 2009. Masikio yalianza kuvuma kwenye mazoezi ya mizinga 2004, yakazidi 2007. Sasa bila kifaa hasikii. Nijuavyo, madhara ya kabla ya 6 Aprili 2005 yanaangukia mpango wa zamani wa pensheni za vita, ya baada ya hapo mpango mpya wa fidia, ambao una ukomo wa miaka 7. Yeye yuko katikati! Rekodi za matibabu tumeshapata. Mwandiko wa daktari hausomeki, ila tarehe zinaonekana.

Je, anaweza kudai kote kuwili? Na kwa uziwi unaokuja taratibu, hiyo miaka 7 inahesabiwa kuanzia lini?