Akademi ya uhandisi inaishauri vipi serikali?

Fundi_Mita: Wakuu, akademi ya uhandisi ya Marekani (NAE, 1964) haitungi sheria. Ushauri wake unapitia njia gani?

Nondo12: Wizara au Bunge huleta swali na fedha. Kwanza huandikwa hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi na mipaka yake. Zikiwa legelege, ripoti nayo huyumba. Kisha huundwa kamati ya wataalamu wa kujitolea, kila mmoja akitaja maslahi yake yanayoweza kugongana na kazi hiyo. Rasimu huenda kwa wahakiki wa nje, na majina yao hayatajwi hadi ripoti itoke. Anayelipia haruhusiwi kuihariri.

Saruji_Mbichi: Kasoro ni muda. Ripoti ikifika, bajeti imeshapita.

Nondo12: Kweli mkuu. Ila akademi hazitoi ushauri tu. Akademi ya uhandisi ya Uingereza hutoa na tuzo: 2015 Mtanzania Askwar Hilonga alipata pauni 25,000 kwa chujio la maji.