Kinachotoa usaha karibu na njia ya haja kubwa SI bawasiri. Acheni kuwauzia watu krimu!

Wadau, haya mambo ya kemisti na vikliniki vya mtaani hapa Nairobi yamezidi. Mtu anaingia, anaeleza kwa aibu kwamba ana kijipu kando ya njia ya haja kubwa: kinajaa, kinapasuka, kinatoa usaha, kinajifunga, baada ya wiki chache kinajaa tena. Hakuna anayemwangalia. Anapewa krimu ya bawasiri na Flagyl ya siku 7. Mwezi ujao yuko kaunta ile ile na anaongezewa antibayotiki kali zaidi. Hii ni huduma gani jameni?

Bawasiri ni mishipa ya damu iliyovimba. Hutoa damu, si usaha. Ukiona kitundu sentimita 2 au 3 hivi kutoka kwenye njia, pembeni kuna kinyama chekundu kilichoinuka, na kila jioni chupi ina doa la manjano lenye harufu, shuku fistula, yaani mfereji usio wa kawaida kutoka ndani ya njia hadi kwenye ngozi. Si ile ya uzazi inayowapata akina mama. Hii huwapata zaidi wanaume.

Tembe hazitaiponya, na sababu ni hii. Ndani ya njia kuna vitezi vidogo vya ute. Kimoja kikiziba, usaha hujikusanya na kujichimbia njia hadi kwenye ngozi. Jipu likipasuka, mfereji unabaki, na mdomo wake wa ndani unaendelea kupokea uchafu kila mtu anapoenda choo. Utameza dawa hadi lini na mlango wa ndani uko wazi? Antibayotiki zina nafasi yake: homa, wekundu unaosambaa, kisukari, kinga iliyoshuka. Lakini jipu lenyewe hupasuliwa likatolewa usaha, na mgonjwa aambiwe siku hiyo hiyo kwamba fistula inaweza kufuata. Wengi hawaambiwi.

Kwenye upasuaji, swali kuu ni mfereji umepita kwenye msuli wa kubana choo kwa kiasi gani. Ukiwa chini, yaani umepita kwenye msuli kidogo tu, daktari anaupasua wote na kuuacha wazi upone kutoka chini kuja juu, mara nyingi wiki 4 hadi 8. Ngozi ikishonwa juu, usaha unafungiwa ndani. Ukiwa juu, yaani umepita kwenye sehemu kubwa ya msuli, ukiupasua hivyo unaweza kumharibia mtu uwezo wa kuzuia choo na hewa maisha yake yote! Huyo hupitishiwa setoni, yaani uzi laini wa mpira unaoingia kitundu cha nje na kutokea ndani ya njia, ncha zikafungwa pamoja. Hukaa wiki au miezi usaha ukitoka, kisha ndipo upasuaji wa kuziba mfereji bila kukata msuli unapangwa. Anayesukuma kifaa cha chuma kwa nguvu akitafuta njia hutoboa mfereji mwingine bandia. Kwa hiyo fistula iliyorudi, au yenye vitundu zaidi ya kimoja, ipigwe picha ya MRI kwanza, kipimo kinachoonyesha mifereji iliyojificha ndani. Ikikataa kupona, kinyama kipelekwe maabara: TB, ugonjwa wa Crohn (uvimbe sugu wa matumbo) na hata saratani hujificha humo.

Na wale wa mabango kwenye nguzo za stima, "tunachoma bila upasuaji": dawa yenu inaunguza nyama yenye afya na msuli, mdomo wa ndani unabaki pale pale.

Anayesubiri matibabu akalie karai la maji ya vuguvugu dakika 10 hadi 15, mara 3 kwa siku na kila baada ya haja. Asitie dawa ya kuua viini. Avae pedi, hata mwanamume. Ndengu, maharagwe, mboga na maji ya kutosha ili choo kisiwe kigumu. Uvimbe ukikua na homa ikapanda, hospitali siku hiyo hiyo.

Nyinyi wa kemisti mnaosoma hapa, ulizeni swali moja tu: kinatoa usaha? Akijibu ndiyo, rudisheni krimu kwenye rafu na mumwelekeze kwa daktari wa upasuaji.