Diploma ya ECDE (elimu ya chekechea): kazi za kaunti zinapatikanaje, na kuna nyingine nje ya darasa?

chekechea_pwani:
Hamjambo walimu. Nimemaliza diploma ya ECDE na matokeo ya KNEC, baraza la mitihani, yametoka. Niko Kilifi. Nauliza mambo matatu. Anayeajiri ni TSC (tume ya walimu) au kaunti? Nitayarishe karatasi gani sasa, kabla nafasi hazijatangazwa? Tena, zaidi ya kufundisha PP1 na PP2 (miaka miwili ya chekechea), mtu wa kozi hii anaweza kuomba kazi gani? Niko tayari kuhamia kaunti nyingine.

Mwl_Bahati:
Hongera, mwalimu. TSC hukusajili, kaunti ndiyo huajiri. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, iliipa kaunti elimu ya chekechea pamoja na vituo vya malezi ya watoto. Kwa hiyo nafasi hutangazwa na Bodi ya Utumishi wa Umma ya kaunti, na usipoteze muda kusubiri tangazo la TSC la walimu wa msingi na sekondari. Hata hivyo sheria ya TSC ya 2012 hairuhusu mtu kufundisha bila kusajiliwa, na fomu nyingi za kaunti zina nafasi ya kuandika namba hiyo. Anza na TSC.

Kuhusu kuhama: omba popote. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 65, inaitaka bodi izingatie kwamba angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuingilia ziende kwa watu wasio wa jamii kubwa ya kaunti hiyo. Wengi hawaombi kwa kudhani nafasi ni za wenyeji tu. Ila ujue kwamba chekechea hutumia lugha ya eneo kwa watoto wengi wa vijijini, na mahojianoni wanaweza kukuuliza utamfundishaje mtoto wa miaka 4 asiyejua Kiswahili.

Soma tangazo mpaka mwisho, hasa pale palipoandikwa masharti ya kazi. "Kudumu na pensheni" na "mkataba" ni vitu viwili tofauti kabisa. Kama ni mkataba, tafuta miaka mingapi, unaweza kuongezwa au la, na kama kuna kiinua mgongo, ambacho serikalini kwa kawaida ni asilimia 31 ya mshahara wa msingi. Tangazo likisema "posho ya mwezi" bila kutaja daraja la kazi, uliza kabla ya kusaini. Inasikitisha kuona mwalimu wa diploma akikubali daraja la cheti kwa sababu tu hakuuliza.

karatasi_kwanza:
Mimi nijibu hilo la karatasi, maana ndilo linalowaangusha watu wengi. Tangazo la kaunti mara nyingi hukaa wazi wiki mbili au tatu tu. Cheti cha maadili mema peke yake kinaweza kula muda huo wote.

Anza nacho. Omba kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ulipe shilingi 1,050, kisha uchapishe fomu C24. Ichapishwe pande mbili za karatasi moja ya A4. Saiba nyingi huichapa kwenye karatasi mbili, na ukifika Huduma Centre kuchukuliwa alama za vidole unarudishwa. Beba pia risiti ya malipo na kitambulisho, asili na nakala. Usipake mafuta mikononi asubuhi hiyo. Alama zikififia, DCI (idara ya upelelezi inayotoa cheti) hukataa na unarudia.

Cheti kikitoka, nenda TSC mtandaoni: kitambulisho, PIN ya KRA (mamlaka ya kodi), cheti cha KCSE (kidato cha nne), cheti cha diploma, picha ya pasipoti, hicho cha maadili mema, na fomu ya afya GP69 iliyojazwa na kupigwa muhuri na daktari. Ada ni shilingi 1,055. Kosa la kawaida ni kupakia karatasi ya matokeo mahali panapotakiwa cheti chenyewe, au GP69 yenye ukurasa mmoja tu.

Sasa KRA. Wengi walifungua PIN wakiwa chuoni kwa ajili ya mkopo wa masomo wa HELB, kisha wakaisahau. Hata kama huna kipato, marejesho ya kodi ya sufuri hupelekwa kila mwaka kabla ya Juni 30. Usipopeleka, faini ya mtu binafsi ni kuanzia shilingi 2,000 kwa kila mwaka, na cheti cha kutii kodi hakitoki mpaka umalize. Ingia iTax, tovuti ya KRA, leo uangalie.

Karatasi za HELB, EACC (tume ya kupambana na ufisadi) na CRB (rekodi ya mikopo): kaunti nyingine huzitaka siku ya kuomba, nyingine baada tu ya kuchaguliwa. Ukiwa nazo mapema hutatizwi na lolote. Bodi haitozi ada ya maombi, na anayekuomba pesa ya "kusukuma faili" mkatae.

mama_wa_PP2:
Mahojianoni wanapenda kuona kama unaweza kukaa na watoto, si kukariri nadharia tu. Ukiambiwa uonyeshe somo la hisabati la PP1, usikimbilie ubao kuandika 1 mpaka 10. Chukua vifuniko 20 vya chupa za soda, vya rangi mbili, na sahani mbili. Mtoto avitenganishe kwanza kwa rangi, aseme alichofanya, kisha aambiwe avitenganishe kwa njia nyingine, labda vilivyopinda na visivyopinda. Kuhesabu kuje baadaye. Hapo jopo linaona kwamba unajua kutenganisha na kupanga vitu hutangulia namba. Maharagwe na mahindi acha nyumbani: mtoto wa miaka 4 huyatia puani.

Somo la chekechea ni dakika 30, kwa hiyo andalio lako la somo lisiwe na shughuli saba. Beba pia azimio la kazi, rekodi ya kazi na mfano wa rekodi ya maendeleo ya mtoto, vyote kwa mkono wako. Vilivyonunuliwa hujulikana, kwa sababu ukiulizwa kwa nini ulichagua shughuli ile unakwama.

Mwl_Bahati:
Nje ya darasa: kaunti huwa na maafisa wa ECDE wa wadi na kaunti ndogo, wanaotembelea vituo, kukagua vyoo, maji na madarasa, na kuandika ripoti. Kwa kawaida hizi hutaka uzoefu, mara nyingi na digrii. Kama moyo wako uko kwa watoto wenye ulemavu, kozi za KISE, taasisi ya elimu maalum kule Kasarani, hukufungulia njia ya vituo vya tathmini vya EARC. Pwani kuna Madrasa Early Childhood Programme iliyoanzia Mombasa miaka ya 1980 na hufundisha walimu wa jamii. Nairobi kuna shirika liitwalo Kidogo, linalofanya kazi na wamama wa malezi mitaani. Kwa mashirika kama hayo, namba ya TSC haitoshi. Andika kwenye wasifu mafunzo uliyoyaendesha, idadi ya watoto na umri wao.

chekechea_pwani:
Asanteni sana. Kitambulisho changu kina majina matatu, KCSE mawili, na la katikati limeandikwa tofauti. Nifanyeje?

karatasi_kwanza:
Kama ni mpangilio tu au jina limepungua, kiapo kwa wakili au kamishna wa viapo kwa kawaida hutosha. Kiambatishe kila unapotuma. Jina likiwa jingine kabisa, unahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, nayo huchukua muda, kwa hiyo ianze wiki hii kabla ya TSC. Na fomu ya kaunti ijaze kama ilivyo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi.